Akwariamu ya Bahari Vwawa: Video Kali, Lakini Pipa Liko Wapi?

Kuna aina ya video ambayo siku hizi ikipostiwa tu, komenti zinajaa moto. Sebule kubwa, sofa nyeupe, muziki wa taratibu, halafu kamera inageuka polepole mpaka kwenye kioo kirefu chenye mwanga wa bluu. Ndani kuna wale samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe ambao watoto wote wanawaita Nemo, kuna wa njano anapita kwa madaha, kuna matumbawe yanapepea kama maua. Chini bosi kaandika maneno mawili tu: "Bahari nyumbani." Akiwa Masaki, watu wanasema sawa, kawaida yao hao. Lokesheni ikisoma Vwawa, Songwe, hapo ndipo watu wanaanza kuitana. "Njooni muone, Mbozi imekuwa Dubai!"

Majina hayana haja. Kila mji una bosi wa namna hii: mwenye malori yanayovuka Tunduma, mwenye launji, mwenye lodge ya ghorofa, au dada mwenye duka la nguo na wafuasi kibao. Kwa stori hii aitwe Bosi tu, na anayejijua atajijua.

Tatizo la hizo video si hela. Mtu akiwa na mkwanja wake halali, aufanyie anachotaka. Tatizo ni sehemu ambayo kamera haifiki, yaani chumba cha nyuma. Kule ndiko linakotakiwa kuwa pipa la maji ya chumvi yaliyochanganywa tayari, yanayosubiri kuingia kwenye kioo. Na wauzaji wa mitambo wana kawaida ya kulipita haraka jambo hili: kwenye mji ulio mbali na bahari, pipa ndiyo akwariamu yenyewe. Kile kioo cha sebuleni ni dirisha lake. Asiye na pipa la uhakika hana bahari, ana picha ya wiki chache.

Bahari iko kilomita 900

Mtu wa Kigamboni au Forodhani akikosea, ana pa kukimbilia. Vwawa hakuna. Kutoka hapo mpaka Dar kwa barabara kuu ya kwenda Zambia ni karibu kilomita 900. Kwa basi ni safari ndefu, lori linachukua muda zaidi. Kwa hiyo yule anayesema "si unaagiza tu maji ya bahari kwenye madumu" afanye hesabu kidogo.

Akwariamu ya lita 500, ambayo kwa sebule za mabosi ni ya kawaida tu, ikibadilishwa asilimia 10 ya maji kila wiki, inataka lita 50. Kwa mwezi ni lita 200, yaani zaidi ya kilo 200 za mzigo zinazomwagikamwagika kwenye buti. Na maji yaliyochotwa baharini yana viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukivifungia kwenye dumu lenye giza na joto kwa siku mbili tatu, vinakufa na kuoza humo humo. Dumu linafunguliwa Vwawa, harufu peke yake inatosha kuwa jibu.

Wenzetu wa mbali walishapita njia hiyo. Chicago, Marekani, iko ndani sana ya bara. Shedd Aquarium ya pale ilipoanza kuonyesha samaki wa baharini mwaka 1930, maji yalibebwa kwa reli kutoka Key West, Florida. Mabehewa 20 ya tangi yalikwenda na kurudi mara nane ili kupata galoni milioni moja. Ni kama mtu wa Vwawa akodi treni za TAZARA kwa ajili ya samaki. Baada ya miaka mingi hata wao waliona njia rahisi ni kuchanganya chumvi na maji pale pale.

Ndiyo maana dunia nzima leo mtu wa bara anayefuga samaki wa bahari anabeba chumvi, habebi maji. Lita 50 za wiki zinataka chumvi isiyofika kilo mbili. Hiyo inakaa kwenye begi.

Chumvi gani sasa?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bao. Chumvi ni chumvi, si ndiyo? Duka la jirani ipo, pakiti ya nusu kilo, bei chee. Hapana.

Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, halafu imewekwa madini joto kwa ajili ya afya ya binadamu. Maji ya bahari ni zaidi ya hapo. Katika kila gramu 100 za chumvichumvi zilizomo baharini, kama 85 ndizo sodiamu na kloridi. Zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogovidogo. Hizo 15 ndizo tumbawe linajengea mifupa yake na ndizo zinazozuia maji yasigeuke tindikali usiku.

"Basi inunuliwe ile ya mawe kutoka Bagamoyo au Lindi, si imetoka baharini?" Imetoka baharini, lakini bahari yote haikuja nayo. Kwenye mashamba ya chumvi, maji yanapokauka juani kalsiamu huanza kutuama mapema, kisha chumvi ya kula inaganda, halafu maji machungu yaliyobaki yenye magnesiamu nyingi yanamwagwa. Kinachoingia kwenye gunia ni kizuri kwa ugali na samaki wa kukaanga, ila si bahari iliyokaushwa. Ya Uvinza nayo inatoka kwenye chemchemi za chumvi kule Kigoma, haijawahi kuwa bahari ya samaki hao.

Kwa hiyo inatakiwa chumvi maalumu ya akwariamu, inayotoka nje na kufika Vwawa kwa safari ndefu. Kwa kiwango cha gramu 38 hivi kwa lita, akwariamu ya lita 500 yenye ratiba ya lita 50 kwa wiki inakula karibu kilo 100 za chumvi kwa mwaka. Kilo mia. Hiyo ndiyo bili ambayo haiko kwenye video.

Na kuna kitu kidogo cha safari. Begi likirushwarushwa kwenye buti la basi kutoka Dar, chembe nzito na nyepesi zinajitenga. Mtu akichota juu juu, wiki ya kwanza anapata mchanganyiko huu, wiki ya mwisho anapata mwingine. Begi linatakiwa kuviringishwa na kuchanganywa kabla ya kuchota, kisha libaki kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Masika ya Mbozi si ya mchezo. Chumvi ikinyonya unyevu inakuwa jiwe.

Mashine haijui kama pipa ni tupu

Sasa Bosi hataki shida. Ananunua mtambo wa kubadilisha maji wenyewe. Uzuri wake ni kweli, na sifa zake ni za haki. Kuna pampu mbili ndogo zinazokwenda sawa: moja inatoa maji machafu kwenye akwariamu, nyingine inaingiza maji mapya kutoka kwenye pipa. Badala ya kumwaga lita 50 kwa mkupuo siku ya Jumapili, mtambo unabadilisha lita saba kila siku, kidogokidogo, samaki hata hawashtuki. Bosi anaweka taima, anapiga picha, anaandika "Teknolojia."

Pembeni kuna kifaa kingine. Maji ya akwariamu hukauka kila siku, na kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwa hiyo kuna boya linalohisi maji yakishuka, na pampu inaongeza maji ya kawaida yasiyo na chumvi mpaka kimo kirudi. Hicho nacho ni kizuri.

Ukiviweka viwili hivyo pamoja bila mtu mwenye akili katikati, unatengeneza mtego. Pipa la maji ya chumvi likiisha, pampu ya kutoa haijui. Inaendelea kutoa lita saba kila siku. Pampu ya kuingiza inazunguka inavuta hewa. Boya linaona kimo kimeshuka, linaita maji ya kawaida yajaze. Ukipita sebuleni, kioo kimejaa kama jana. Mwanga wa bluu upo. Hakuna kilichobadilika kwa macho.

Kilichobadilika ni chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa kila lita. Kwenye akwariamu ya lita 500, kutoa lita saba za chumvi na kurudisha lita saba zisizo na chumvi kila siku kunashusha kipimo mpaka karibu 31.7 ndani ya wiki moja. Wiki ya pili ni 28.7. Matumbawe yanajikunja, konokono wanaanguka kutoka kwenye kioo, kamba anakutwa amelala ubavu. Bosi yuko Dar kwenye harusi ya staa mwenzake, simu inaingia.

"Bosi, samaki wanakufa."

"Wanakufaje wakati mashine ipo?"

Ndiyo hivyo. Mashine ipo na imefanya kazi yake kwa uaminifu siku 14 mfululizo. Imebadilisha kila ilichoambiwa ibadilishe. Dawa ya mtego huo ni boya lingine dogo ndani ya pipa la chumvi, lililofungwa ili pipa likikaribia kuisha lisimamishe pampu zote mbili kwa pamoja, siyo moja. Ni kifaa kidogo kuliko kitu chochote kinachoonekana kwenye video, lakini hakina mwanga wa bluu kwa hiyo hakikumbukwi.

Hata pipa likiwa na maji, pampu mbili zinazotofautiana kidogo zinaleta balaa lile lile taratibu. Inayotoa ikizidi, maji ya kawaida yanaziba pengo na chumvi inashuka. Inayoingiza ikizidi, boya la maji ya kawaida halishtuki na chumvi inapanda. Kwa hiyo kila mwezi mtu inabidi atoe mipira yote miwili, aiweke kwenye vikombe vya kupimia, aone kama inatoa sawa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Dogo wa chumba cha nyuma

Na hapa ndipo pa kuongea ukweli. Ni nani anaifanya hiyo kazi ya dakika kumi? Kwenye nyumba nyingi za namna hii kuna kijana wa kazi. Anaosha magari, anafungua geti, anamwagilia bustani, anapeleka watoto shule. Akwariamu ikifika, inaongezwa kwenye orodha yake kana kwamba ni kufuta vumbi kwenye meza. Fundi aliyefunga mtambo amekuja siku moja, ameongea na Bosi kwa lugha ya kitaalamu, amekula pilau, ameondoka. Dogo hakuitwa kusikiliza.

Siku pipa linapokaribia kuisha, dogo anauliza kwa adabu, "Samahani bosi, maji ya lile pipa la nyuma yameisha." Jibu linakuja, "Jaza." Anajaza. Kwa bomba. Bila chumvi. Nani alimwambia kuna chumvi? Au anamwaga chumvi kwa kukadiria kama anapika maharage, pampu inavuta uji mweupe ambao haujayeyuka na kuupeleka moja kwa moja kwa samaki.

Samaki wakifa, anayefukuzwa ni yeye. Wakati mwingine anaambiwa atalipa. Samaki mmoja wa baharini akishasafirishwa mpaka nyanda za juu anaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa kijana wa kazi, na kuna watu wanamkata kweli. Video ya kifo cha samaki haipostiwi. Ya dogo kufungasha begi lake ndiyo kabisa haipostiwi.

Maoni ya blogu hii ni mafupi hapo. Anayechunga pipa ndiye anayefuga samaki, hata kama jina lake haliko kwenye akaunti. Afundishwe, apewe kipimo mkononi, aandikiwe ukutani, na aongezewe hela. Kama Bosi hawezi hilo, basi hawezi akwariamu.

Mwalimu wa mapipa mawili

Ili isionekane ni maneno ya wivu, mchukue mtu wa upande wa pili. Mwalimu mmoja wa sekondari, naye asitajwe jina. Akwariamu yake ni ya lita 200 tu, iko kwenye kona ya sebule karibu na televisheni ya nchi 32. Haina mwanga wa kuvutia, na ina wafuasi wanne: mke wake na watoto watatu. Lakini nyuma ya mlango wa stoo kuna mapipa mawili ya plastiki ya kuhifadhia vyakula, yenye vifuniko.

Mawili, kwa sababu moja linatumika na lingine linachanganywa. Kila pipa lina kipande cha karatasi ya gundi chenye maandishi ya kalamu: tarehe, kipimo, nani kachanganya. Mke wake anajua, mtoto mkubwa anajua. Hakuna siri ya fundi.

Anavyofanya si uchawi. Kwanza anatia maji yaliyochujwa, halafu anaongeza chumvi kidogokidogo huku pampu ikizungusha. Hamimini maji juu ya lundo la chumvi, kwa sababu pale chini madini yanakutana yakiwa makali mno, yanagandana na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena, na kalsiamu aliyoilipia inaishia kuwa uchafu wa chini ya pipa. Anaacha pampu izunguke mpaka kesho yake, maji yawe meupe kama kioo. Ndipo anapima.

Kupima nako kuna siri yake kwa mji wa baridi. Juni na Julai, stoo ya Vwawa asubuhi ni friji. Kipimo cha kuelea kilichotengenezwa kwa maji ya nyuzi 25 kikitumbukizwa kwenye maji ya baridi husoma juu kuliko hali halisi. Mtu anaona chumvi imetosha kumbe bado. Mwalimu anapasha maji kwanza kwa hita ndogo mpaka karibu na joto la akwariamu, kisha anapima. Hapashi kupita hapo, kwa sababu joto kali linagandisha madini kwenye hita kama vile birika linavyoota magaga.

Pipa lake halikai wazi. Pipa la lita 200 likikaushwa lita kumi tu na hewa, maji ya 35 yanakuwa karibu 37, na hakuna aliyegusa kitu. Kifuniko kinazuia hilo, kinazuia vumbi, kinazuia mende. Pipa halipigwi na jua, la sivyo mwani unaota humo. Mara moja moja anawasha pampu ili maji yasilale. Hakai na maji hayo miezi. Anachanganya ya wiki mbili, yanaisha, anachanganya mengine, na kwanza alisoma kwenye begi la chumvi kwa sababu kuna aina zinazovumilia kukaa na kuna zinazotaka zitumike mapema.

Na hakuna chuma. Si koki ya shaba, si pipa la bati, si waya wa kufungia mipira uliotumbukia ndani. Chumvi inakula chuma, na shaba kidogo tu inayoingia kwenye maji ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Bosi mwenye koki za dhahabu ya kuigiza kwenye tenki lake la nyuma hajui kwa nini kila konokono anayemleta anakufa ndani ya wiki.

Umeme nao. Tanzania hii, LUKU ikiisha au TANESCO ikikata, mtambo mwingine ukiwaka unaanza upya kana kwamba ni siku yake ya kwanza, taima imesahau kila kitu. Na kama pampu ni ile ya kawaida ya kutumbukiza, mpira ulioachwa ndani ya maji ya akwariamu unaweza kuyanyonya kurudi nyuma mpaka stoo iwe bwawa. Mwalimu amefunga mdomo wa mpira juu ya usawa wa maji, basi. Hakununua kitu.

Maji ya mtaa na kahawa ya jirani

Kuna jambo moja ambalo hata mwalimu analifikiria sana, na Bosi halifikirii kabisa. Maji.

Kuchuja maji mpaka yawe safi ya kuchanganya chumvi kunapoteza maji. Mashine nyingi za kuchuja kwa presha zinatupa lita mbili, tatu au zaidi kwa kila lita moja safi. Kwenye mtaa ambao kina mama wanapanga ndoo bombani siku ambazo maji yanatoka kwa mgao, kumwaga lita 150 kwenye mtaro ili upate 50 za Nemo ni picha mbaya kuliko zote. Hayo yanayotupwa hayana sumu, yana madini zaidi kidogo tu. Yanafulia, yanadekia, yanaoshea hayo magari. Pipa la tatu la kuyakingia ni bei ya sahani mbili za nyama choma.

Halafu yale yanayotoka kwenye akwariamu. Lita 50 za maji ya chumvi kila wiki yanaenda wapi? Kilo 100 za chumvi zilizoingia kwa mwaka lazima zitoke mahali. Vwawa nyumba nyingi zimepakana na mashamba, na Mbozi ni nchi ya kahawa. Mpira wa maji machafu ukielekezwa nyuma ya ukuta, chumvi inalundikana kwenye udongo wiki baada ya wiki, majani ya mibuni yanaungua kingo, na jirani anadhani ni ugonjwa. Ananunua dawa. Mwaka unaofuata ananunua nyingine. Kumbe ni bahari ya Bosi. Maji hayo yaende kwenye shimo la maji taka la nyumba yenyewe, mbali na kisima chochote, na kama hakuna shimo la maana, hilo ni jibu tosha kwamba muda wa kuleta bahari bado.

"Wivu tu huo"

Watakaokasirika watasema mtu na hela yake aachwe, na kwamba kila kitu kizuri kikifika mikoani watu wa mtandaoni wanakitafutia kasoro. Kuna ukweli kidogo hapo. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 tu, na watu wake wamechoka kuonekana kama kituo cha malori kuelekea Nakonde. Mtoto wa Vwawa ambaye hajawahi kuiona bahari akisimama mbele ya kioo na kuona tumbawe likifunguka, hicho ni kitu kikubwa. Hakuna anayetaka kumnyima.

Ila samaki hawakuombwa ruhusa. Nemo wengi wa madukani siku hizi wanazalishwa kwenye matangi, lakini aina nyingi nyingine za baharini bado zinakamatwa kwenye miamba, ikiwemo miamba ya pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Kenya inauza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miaka mingi sasa. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, na mtu anayefikiria kuyapitisha kimyakimya mpaka wa Tunduma ajue yanahitaji vibali. Samaki aliyetolewa mwambani, akawekwa kwenye mfuko, akasafirishwa mpaka nyanda za juu, akafa kwa sababu pipa lilikuwa tupu na kila mtu alidhani mashine inaona, huyo hakufa kwa bahati mbaya.

Na kama shida ni kioo chenye rangi sebuleni, basi watu wa Songwe wamekaa karibu na hazina bila kujua. Mto Songwe wenyewe unamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wadogo wa bluu, njano na zambarau ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawalipia hela nzuri. Wanaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, hawahitaji kilo 100 za kitu chochote kutoka ng'ambo, na akwariamu yao usiku chini ya taa ya bluu mtu wa kawaida hawezi kuitofautisha na ya bahari. Wapatikane kwa utaratibu wa idara ya uvuvi, na kazi imeisha.

Anayetaka bahari hasa, aitake na kazi yake. Anunue mapipa mawili kabla ya kununua kioo. Achanganye maji, ayahifadhi, ayapime kwa mwezi mzima bila samaki hata mmoja, huku dogo akijifunza pembeni yake. Akiona kipimo kinasoma 35 leo, Jumatano na Jumapili, umeme umekatika mara tatu na yeye alikuwa safarini, hapo ameiva. Akichoka kabla mwezi haujaisha, atakuwa ameokoa hela nyingi na samaki kadhaa.

Kwa hiyo wadau, safari ijayo bosi akiposti kioo chake na kuandika "Bahari nyumbani", isiulizwe imegharimu kiasi gani. Swali liwe moja tu pale kwenye komenti: pipa liko wapi, na nani analichunga? Akijibu kwa picha ya stoo, mapipa mawili yenye vifuniko na jina la dogo kwenye karatasi, huyo apewe maua yake. Akikublock, jibu umelipata.

Wewe unaonaje? Bahari Vwawa ni sawa, au watu warudi kwa samaki wa Nyasa? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.